Mpangilio wa mipigo katika herufi za Kichina: fundisha mkono vijenzi, si herufi moja moja

Mtu aliyezoea alfabeti ya Kilatini akiambiwa aandike 十, yaani kumi, mara nyingi huanza na mstari wa wima kisha akaukata kwa mlalo. Mkono wake unaandika "t". Akiambiwa aandike 口, mdomo, huizungusha kalamu mara moja kama anayeandika "o" yenye pembe. Herufi zote mbili zitasomeka, kwa hiyo haoni ubaya. Ubaya hujitokeza baadaye, herufi zinapofika mipigo kumi, yaani miendo kumi ya kalamu, na kuendelea: sehemu ya kulia inakosa nafasi, mlalo wa chini unapita juu ya kilichomo ndani, na mwandishi anashindwa kueleza kwa nini yake haifanani na ya kitabuni ilhali mistari yote ipo.

Haya ni kwa wanaojifunza Kichina cha China bara chenye herufi zilizorahisishwa, ambacho ndicho kinachofundishwa katika Taasisi za Confucius za kwetu, kuanzia ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanzishwa 2005 hadi za Dar es Salaam na Dodoma. Msimamo wangu ni huu: mpangilio wa mipigo usikaririwe herufi kwa herufi. Ukaririwe kijenzi kwa kijenzi. Herufi ni maelfu, lakini zimejengwa kwa vipande vinavyorudi. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2009 ina bushou 201, yaani vijenzi vinavyotumika kuzipanga herufi kwenye kamusi, na hata hizo hazitumiki zote kwa kiwango kimoja. Aliyeshika 女, 子, 口, 木, 氵, 扌 na 辶 ameshaondoa sehemu kubwa ya maswali yake ya mwaka wa kwanza.

Viwango vya Kichina kwa wageni vilivyoanza kutumika Julai 2021 vinatenganisha herufi za kusoma na za kuandika kwa mkono: 3,000 za kusoma, 1,200 za kuandika, na kati ya hizo 1,200 ni 300 tu za ngazi ya mwanzo. Herufi 300 zinaweza kuandikwa vizuri na mtu yeyote mwenye subira. Ni afadhali hizo ziwe safi kuliko kukimbilia 1,000 zenye mkono mbovu.

Mwelekeo kabla ya mpangilio

Mpigo mmoja ni mwendo wote wa kalamu tangu inapogusa karatasi hadi inapoinuliwa. Ikipinda njiani bila kuinuliwa, bado ni mpigo mmoja. Ndiyo maana 口 ina mipigo mitatu, si minne: wima wa kushoto, mlalo wa juu unaopinda na kushuka upande wa kulia, kisha mlalo wa chini. 马, farasi, ina mitatu tu. 乙 ina mmoja. Anayehesabu pembe badala ya kuhesabu ni mara ngapi kalamu imeinuliwa hataipata herufi kwenye faharasa ya kamusi, kwa kuwa faharasa hiyo hupangwa kwa idadi ya mipigo.

Miondoko ya msingi ni minane. Héng hulala kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa mkono huinuka kidogo sana upande wa kulia. Shù hushuka wima. Piě huanza juu kulia na kuteleza kwenda chini kushoto, ikizidi kuwa nyembamba hadi kalamu inapoachia karatasi. Nà huanza juu kushoto ikashuka kulia. Ukikaribia mwisho unakandamiza kidogo, kisha unaitoa kalamu kwa ulalo ili mpigo upate mguu. Diǎn ni nukta, ila haichomwi: huanza nyembamba na kuishia nzito. Tí hupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Zhé ni kona na gōu ni ndoano; hizi mbili hazisimami peke yake, hushikamana na mipigo mingine. Ukiziunganisha unapata maumbo thelathini hivi kwa jumla. Walimu wa kaligrafia tangu zamani hutumia herufi moja, 永, "milele", kuonyesha miondoko minane ya brashi, ingawa kwa hesabu ya leo ina mipigo mitano.

Makosa ya mwelekeo ni mabaya kuliko makosa ya mpangilio, kwa sababu yanaonekana hata mipigo ikiwa kwenye foleni sahihi. Angalia 千, elfu, na 干, kavu. Mpigo wa kwanza wa 千 ni piě fupi inayotoka kulia kwenda kushoto. Wa 干 ni héng inayotoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika wa 千 kwa kuelekea kulia, unalala, na umebadilisha neno. Kosa la pili ni tí. Mpigo wa tatu wa 氵, kijenzi cha maji, hupanda. Wanafunzi wengi huushusha kama piě kwa kuwa nukta mbili za juu yake zimeshuka. Wa tatu wa 扌, kijenzi cha mkono, hupanda pia. Aliyesoma chuoni utotoni na kuzoea kuandika hati ya Kiarabu aichunge zaidi héng, mkono usije ukaivuta kuelekea kushoto.

Kanuni, kisha pale zinapogongana

Kanuni za jumla hujulikana na wengi, nitazipitia haraka. Mlalo kabla ya wima zinapokatana: 十, 木. Piě kabla ya nà: 人, 八, 文. Juu kabla ya chini: 三, 言. Kushoto kabla ya kulia: 川, 明, 你. Nje kabla ya ndani: 月, 同. Katikati kabla ya pande mbili zinazokabiliana: 小, 水, 山.

Ile ya kufunga inastahili kusimamiwa zaidi. Katika 日, 田 na 国 unaandika kuta, unaingiza vya ndani, kisha unafunga kwa mlalo wa chini. Walimu wa Kichina huwaambia watoto kwamba watu waingie kwanza ndipo mlango ufungwe. 国, nchi, ina mipigo minane: wima, mlalo wenye kona, mipigo mitano ya 玉 ndani, na wa nane ndio wa kufunga. Ukifunga mapema umekata urefu wa chumba kabla hujajua kilichomo kitachukua kiasi gani, kwa hiyo 玉 inabanwa au inagusa chini. Mantiki hiyohiyo ya mlalo wa mwisho ipo kwenye 王, 土, 生 na 里. 王 ni mlalo, mlalo, wima, mlalo. Ule wa chini huja baada ya wima, na ndio unaoamua wima uishie wapi.

Nukta zina tabia mbili. Iliyo juu, au juu kushoto, huandikwa mwanzoni: 文, 头. Iliyo juu kulia au ndani huandikwa mwishoni: 我, 书, 玉. Herufi 为 inazo zote mbili: nukta ya juu kushoto kwanza, piě, kona yenye ndoano, kisha nukta ya ndani. Ijaribu hiyo kabla ya nyingine.

Sasa zile ngumu. 忄, kijenzi cha moyo, huandikwa nukta ya kushoto, nukta ya kulia, ndipo wima wa katikati, kinyume kabisa na 小. 火, moto, ni hivyohivyo: nukta ya kushoto, piě fupi ya kulia, piě ndefu, nà. Ukiziweka pande mbili kwanza unapata katikati ya kupitishia piě ndefu. Ukianza na 人 katikati, nukta zinatafuta nafasi na mara nyingi zinakaa kwa urefu usiolingana.

九, tisa, huanza na piě, halafu kona yenye ndoano. 力, nguvu, na 刀, kisu, huanza na kona, halafu piě. 万 ni mlalo, kona, piě. 方 ni nukta, mlalo, kona, piě. 及 huanza na piě, 乃 huanza na kona. 七 huanza na mlalo, ilhali 匕, ambayo kwa haraka inafanana nayo, huanza na piě. Kanuni ya jumla haikusaidii hapa. Ziandike kwa jozi kwenye ukurasa mmoja, 九 na 力, 及 na 乃, 七 na 匕, mpaka mkono uache kusita.

Nyingine ni 必, "lazima". Inaonekana kama 心 iliyokatwa kwa mshazari, na wengi huandika 心 nzima kisha wakaikata. Kiwango cha China ni: nukta ya kushoto, ndoano iliyolala, nukta ya katikati, piě, nukta ya kulia. Piě ni ya nne. Na 出, kutoka, si 山 mbili zilizopandana: wima wa katikati ni mpigo mmoja unaopita juu hadi chini. Unaandika kona ya juu kushoto, wima mfupi wa juu kulia, wima mrefu, kona ya chini, wima mfupi wa chini kulia. Mipigo mitano. Anayeiandika kama milima miwili anapata sita na herufi inavunjika kiunoni.

女, mwanamke, haianzi na mlalo. Huanza na piě inayopinda na kurudi kulia kama nukta ndefu, yote mpigo mmoja; kisha piě ya upande wa pili; mlalo huja mwisho. Hii ndiyo ninayoiona ikikosewa kuliko zote, na kwa kuwa imo ndani ya 好, 妈, 她 na 姓, kosa lake linasambaa kwenye herufi za wiki ya kwanza kabisa.

Vizingo vyenye mkia

Vizingo ni vijenzi vinavyozingira vingine. 辶 na 廴 huandikwa mwisho. Katika 这 unaandika 文 kwanza, kisha nukta ya 辶, kona zake, na nà ndefu inayobeba kila kitu. Katika 建 unaandika 聿, kisha 廴. Lakini 走 na 是, ambazo nazo huzungusha mkia chini ya jirani yake, huandikwa kwanza: 起 ni 走 kisha 己, 题 ni 是 kisha 页. Hizo ni herufi kamili zinazosimama peke yake, nazo hukamilishwa kabla ya kuhamia kulia. Zinapokuwa kwenye kazi hii, vuta nà yake iwe ndefu kuliko kawaida ili 己 au 页 ipate pa kukaa.

Vizingo vilivyo wazi upande wa kulia, kama 区 na 医, huandikwa mlalo wa juu, vya ndani, kisha wima unaopinda kuwa mlalo wa chini kwa mpigo mmoja. Vilivyo wazi juu, kama 凶 na 画, huandikwa vya ndani kwanza.

Kijenzi kinapohamia kushoto

Vitabu vingi vya wanaoanza hukimbia hapa, na ndipo penye ufunguo wa mwandiko mzuri. Kijenzi kinapokaa kushoto mwa herufi hakibaki kilivyokuwa kikiwa peke yake. Mpigo wake wa mwisho hubadilika ili kalamu ielekee kulia inakokwenda, na ili upande wa kulia usikanyagwe.

Mlalo wa mwisho hugeuka kuwa tí. 土 ikiwa kushoto mwa 地 au 坦 ni mlalo, wima, tí. 王 kushoto mwa 玩 ni mlalo, mlalo, wima, tí. 女 kushoto mwa 好 hubaki na mpangilio uleule, ila mlalo wake unapanda na haupiti upande wa kulia wa piě. Ukiuacha upite, unaichoma 子.

Nà ya mwisho hugeuka kuwa nukta. 木 kushoto mwa 林, 禾 kushoto mwa 和, 又 kushoto mwa 对, 火 kushoto mwa 灯, 人 ya kwanza katika 从: zote hupoteza ule mguu mrefu. Kwa ujumla herufi moja hubeba nà moja tu. Ndiyo maana hata 文 ndani ya 这 huishia na nukta: nà ya herufi hiyo imeshachukuliwa na 辶.

Na kuna vijenzi viwili vinavyobadilisha mpangilio wenyewe. 牛, ng'ombe, ikiwa peke yake ni piě, mlalo, mlalo, wima. Ikiwa kushoto, kama katika 物, ni piě, mlalo, wima, tí. 车, gari, peke yake ni mlalo, piě yenye kona, mlalo, wima. Kushoto, kama katika 辆, ni mlalo, piě yenye kona, wima, tí. Sababu ni ileile: mpigo wa mwisho lazima uwe ule unaoelekea kulia, na wima hauwezi kufanya kazi hiyo. Ukielewa hivyo huna haja ya kuzikariri kama ajabu mbili za pekee.

Zoezi: majina ya nchi zetu

Tanzania ni 坦桑尼亚, mipigo 29. Kenya ni 肯尼亚, mipigo 19. Zinashiriki herufi mbili za mwisho, na kwa pamoja zinagusa karibu kila kilichoelezwa hapo juu.

坦 ina mipigo minane. 土 kushoto na tí yake, kisha 日 kwa utaratibu wa kufunga, kisha mlalo wa chini. Kosa la kawaida ni 土 kunenepa. Isizidi theluthi moja ya upana.

桑 ina kumi. 又 moja juu, 又 mbili chini yake kushoto na kulia, kisha 木. Kila 又 ni kona inayoshuka kushoto, halafu mpigo wa kulia. Kwa kuwa nà ya herufi hii ni ya 木, 又 zote tatu huishia na nukta. Ziandike ndogo na zilizobanana. Zikienea, 木 inasukumwa nje ya mraba.

肯 ina minane. 止 juu: wima, mlalo mfupi, wima mfupi wa kushoto, mlalo wa chini. Kisha 月. Hapa 月 iko chini ya kingine, basi mpigo wake wa kwanza ni wima ulionyooka, haupindi kuwa piě kama katika 朋.

尼 ina mitano: kona, mlalo, piě ndefu inayofunga upande wa kushoto, kisha 匕, piě kwanza na ndoano baadaye. Piě ndefu ndiyo inayotengeneza chumba. Ikiwa fupi 匕 inabaki inaning'inia.

亚 ina sita: mlalo, wima, wima, nukta ya kushoto, piě ya kulia, mlalo wa chini. Wima zote mbili kabla ya nukta. Mlalo wa chini uwe mrefu kuliko wa juu.

Baada ya hapo ongeza 非洲, Afrika. 非 ina minane: wima wa kushoto na milalo yake mitatu kwanza, ndipo wima wa kulia na mitatu yake. Kuandika wima mbili kwanza kisha kupachika milalo ndilo kosa linalofanya pande ziachane. 洲 ni 氵 pamoja na 州, na 州 hufuata kushoto kwenda kulia bila kuruka: nukta, piě, nukta, wima, nukta, wima. Usiandike mistari mitatu halafu ukarudi na nukta.

Chanzo gani cha kufuata

Mpangilio si mmoja duniani. China ilitoa kiwango cha mipigo ya herufi 7,000 mwaka 1997. Kinachotumika sasa kilianza Machi 2021 na kinahusu herufi 8,105. Taiwan ina mwongozo wake wa mwaka 1996, wa herufi za jadi. Japani ina desturi yake, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu video na picha za Kijapani zimejaa mtandaoni na herufi nyingi ni zilezile.

Kipimo cha haraka: fungua 田 kwenye programu au video unayotaka kuitumia, uangalie mpigo wa tatu. Ukiwa mlalo, unatazama mpangilio wa China. Ukiwa wima, ni wa Kijapani. Thibitisha kwa 王: China huandika milalo miwili kabla ya wima, Japani huandika mmoja. Kisha 右, kulia: China huanza na mlalo, Japani na piě. Hakuna iliyo mbaya, lakini usichanganye. Chagua moja, na kwa HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, chagua ya China.

Jihadhari pia na fonti. Simu isiyo na lugha ya Kichina kwenye mipangilio yake inaweza kukuonyesha umbo la Kijapani la 直 au 骨, na ukalinakili bila kujua. Hata fonti ya Kichina ya magazeti na vitabu, Songti, haifai kunakiliwa: milalo yake ni myembamba yenye vipembe mwishoni, na hakuna anayeandika hivyo kwa mkono. Nakili kutoka Kaiti, ambayo hufuata mwandiko wa brashi na huonyesha wazi tí, nà na ndoano.

Karatasi, kalamu na kiasi cha kuandika

Mraba wa mazoezi wa Kichina, tianzige, hugawanywa mara nne kwa msalaba wa katikati. Huna haja ya kuuagiza. Chukua daftari la hesabu la miraba, uzungushie kwa penseli miraba miwili kwa miwili, au minne kwa minne ikiwa ni midogo, hadi upate chumba cha sentimita 1.5 hadi 2 kila upande. Usichukue mitatu kwa mitatu: haina mstari wa katikati. Herufi ijaze kama robo tatu ya chumba na isiguse kingo. Kabla ya kuandika, tazama mfano na ujiulize mpigo wa kwanza unaanzia robo ipi, na kijenzi cha kushoto kinaishia kabla au baada ya mstari wa kati. Miezi miwili au mitatu baadaye shuka hadi sentimita 1.

Anza na penseli ya 2B au kalamu ya wino wa jeli ya 0.5. Kalamu ngumu inayohitaji kukandamizwa muda wote huficha tofauti ya mkandamizo, na bila tofauti hiyo mguu wa nà haujitokezi. Anayeandika kwa mkono wa kushoto afuate mpangilio na mwelekeo uleule. Ainamishe karatasi upande wa kulia ili héng isimkwame anapoisukuma.

Herufi mpya tano hadi nane kwa siku zinatosha. Kila moja: ipitie juu ya mfano mara mbili, inakili mara tatu, kisha funika vyote na uandike mara mbili kwa kumbukumbu. Kesho yake anza kwa karatasi tupu. Kujaza mistari mitano ya herufi moja ni kupoteza wino, kwa sababu baada ya ya saba au ya nane hunakili tena mfano. Unanakili uliyoandika wewe muda mfupi uliopita, pamoja na kasoro zake. Watoto wa shule China hufanya shūkōng: huandika hewani kwa kidole huku wakitaja mipigo kwa sauti, "héng, shù, piě, nà" kwa 木. Fanya hivyo ndani ya daladala au matatu. Ukikwama katikati, umepata kijenzi usichokijua.

Simu nayo ni mkaguzi mzuri. Washa kibodi ya mipigo ya Kichina yenye vitufe vitano: héng ni 1, shù ni 2, piě ni 3, nukta na nà ni 4, kila chenye kona ni 5. Tí huhesabiwa pamoja na héng, na wima wenye ndoano huhesabiwa pamoja na shù. 我 ni 3-1-2-1-5-3-4. Kibodi hii hufuata foleni, kwa hiyo ukiikosea herufi haiji. Ile ya kuchora kwa kidole usiitegemee kwa ukaguzi, kwani inasamehe mno: itakubali 口 iliyozungushwa kama "o".

Faida nyingine huja unapoanza kusoma mwandiko wa Wachina wenyewe, wa mwalimu ubaoni au wa muuzaji kwenye risiti. Wanapoandika haraka hawainui kalamu kikamilifu, na nyuzi zinazounganisha mipigo hufuata mpangilio huu. 口 ya haraka huwa kitu kinachokaribia "2" iliyokaa kando ya wima. Anayejua foleni anaifumbua. Asiyeijua anaona michirizi tu.

Kama tayari una kosa lililokomaa, usilirekebishe kwa kuandika herufi ile ile mara nyingi. Tafuta kijenzi chenye kosa, kiandike peke yake kikubwa, sentimita 4 kila upande, polepole huku ukitaja mipigo. Kisha andika herufi nyingine tano zenye kijenzi hicho, ikiwezekana ambazo hujawahi kuziandika, kwa maana huko mkono hauna mazoea ya zamani ya kurudia. Kwa 女 tumia 始, 妹, 姐, 如, 婚. Rudi kwenye 好 siku ya tatu.